Binti yangu anataka kwenda kwa masista Wabenediktini, wenye kuwafahamu naombeni mnieleze maisha yao

mama_mpunguzi

Mbukwenyi wana Dodoma, na wengine wote humu nawasalimu. Naombeni mnisomee mpaka mwisho maana hili jambo limenikaa kooni wiki ya tatu sasa.

Nina binti yangu wa pili, kamaliza kidato cha sita, ana miaka 19. Jumamosi moja tulikuwa shambani Mpunguzi tunakata zabibu, tumeanza alfajiri ili jua lisitukute, yeye yuko mstari wake na mimi wangu, tunaongea mambo ya kawaida tu bei ya kreti na nani kavuna nani bado, mara akanyamaza. Akaweka mkasi juu ya kreti akaniambia mama mimi nataka kwenda utawani. Nikamuuliza kwa masista gani maana hapa Dodoma mashirika ni mengi, akasema Wabenediktini, wale wa Chipole kule Songea, kuna rafiki yake wa shule dada yake yuko huko. Mimi nilikuwa nimeshika shada mkononi, nikakata kikonyo likaniponyoka likaanguka kwenye vumbi, nikabaki naliangalia tu. Sikumjibu mpaka tunarudi nyumbani.

Mimi ni Mkatoliki wa kuzaliwa na jumuiya nakwenda kila wiki, simzuii mtoto kumtumikia Mungu. Ila baba yake alishafariki na huyu na mdogo wake ndio wananishika mkono. Baba yake mdogo aliposikia amekuja juu kwelikweli, anasema ng'ombe za ukoo zilitoka kuoa wakina mama hapa, sasa mtoto wa kike akienda utawani zitarudi kwa njia gani. Alafu jirani yangu kaniongezea hofu, anasema hao Wabenediktini ukishaingia hutoki, hata mama yako akifa huji kuzika. Hilo ndilo linaniliza usiku, ng'ombe wala siwazi.

Sasa naombeni, hawa watu walitoka wapi na mbona huku kwetu hawasikiki sana? Siku yao inaendaje toka asubuhi mpaka usiku? Na hilo la kuzika ni kweli?

mwl_mstaafu_kondoa

Mama pole na hongera, nakupa vyote viwili kwa pamoja. Nimefundisha historia miaka mingi na mke wangu ni mtu wa Peramiho, kituo kikuu cha Wabenediktini huko Songea, kwahiyo nitakueleza ninachokijua vizuri.

Huku kwetu hawasikiki kwa sababu ya namna maeneo ya umisionari yalivyogawanywa wakati wa Mjerumani, wao walipewa kusini. Sisi katikati hapa tulipata mapadri wa Roho Mtakatifu na baadae Wapasionisti kutoka Italia, Dodoma ikawa prefektura (eneo la misheni ambalo bado si jimbo) 1935, jimbo 1953, jimbo kuu 2014, na Wabenediktini hawakuwa na sehemu kubwa humo. Jirani yetu wa karibu waliyempitia ni Iringa, Tosamaganga ilianzishwa na wao kabla Wakonsolata hawajaichukua baada ya Vita ya Kwanza.

Hao waliokuja kwetu ni wa St. Ottilien kule Bavaria Ujerumani, shirika alilolianzisha padri Andreas Amrhein mwaka 1884, na 1885 akaanzisha upande wa masista ambao leo wanajulikana kama Wabenediktini Wamisionari wa Tutzing. Mwaka 1887 tu wakatuma watu Afrika Mashariki, na kwenye hilo kundi la kwanza walikuwemo masista. Hebu fikiria mama, shirika lina miaka miwili linatuma mabinti baharini kwenda nchi ambayo hawana hata ndugu mmoja. Wakajenga Pugu 1888. Tarehe 13 Januari 1889, wakati wa vita vya Abushiri, Pugu ikavamiwa, wakauawa mabruda wawili na sista mmoja, Martha Wansing, wengine wakachukuliwa mateka. Hata hivyo shirika halikurudi kwao. Peramiho ikaanza 1898. Ikaja Maji Maji, tarehe 14 Agosti 1905 askofu Cassian Spiss akauawa njiani pamoja na mabruda wawili na masista wawili, Felicitas na Cordula.

Wanafunzi wangu nilikuwa nawaambia tusisome hiyo habari kwa jicho moja. Wapiganaji wa Maji Maji walikuwa na uchungu wao wa kweli, kulimishwa pamba kwa nguvu, kodi, viboko, na kwa macho yao aliyeshika msalaba na aliyeshika bunduki walikuja na meli moja. Baada ya vita kusini ilikumbwa na njaa iliyoua watu wengi kuliko risasi. Kwahiyo masista waliorudi walirudi kwenye nchi iliyojaa makaburi ya pande zote mbili, na kazi yao ikawa shule na hospitali, Peramiho na Ndanda mpaka leo zinatibu watu.

Lakini kwa binti yako mwaka wa kukumbuka ni 1938. Huo ndio mwaka walipoanza masista wa Mtakatifu Agnes wa Chipole, wakati wa Gallus Steiger wa Peramiho, aliyekuwa abate (mkuu wa monasteri) na askofu, yani shirika la mabinti wa kiafrika wenyewe. Masista wa Tutzing ndio waliowalea mwanzoni, baadae wakasimama kwa miguu yao. Kuna na Imiliwaha kule Njombe, wa Mtakatifu Gertrud. Kwahiyo mama usidhani anakwenda kwa wazungu, anakwenda kwa watoto wa Kingoni na Kimatengo na Kibena na makabila mengine ya nchi hii.

Na kama kuna mtu anasema masista ni watu wa kusali tu, amtafute mtu wa Songea amwambie habari ya Tulila. Hao masista wa Chipole walijenga mtambo wa umeme wa maji kwenye mto Ruvuma, megawati 5, ukazinduliwa 2015, umeme wanawauzia TANESCO. Wakati huo gridi ya Taifa haijafika Songea, mji ulikuwa unaendeshwa na majenereta ya dizeli. Mimi niliposikia mara ya kwanza nilimuuliza mke wangu mara mbili kama ni masista kweli.

nilikuwa_postulanti

Mama shikamoo. Mimi nilikaa kwenye nyumba moja ya Kibenedikti miaka miwili na nusu, nyumba siitaji, nikatoka kwa hiari yangu na sasa nina mume na watoto hapa Nkuhungu. Ntakwambia ukweli kama ambavyo ningemwambia mama yangu.

Siku inaanza saa kumi na nusu alfajiri kengele inagonga. Mwezi wa sita kule ni baridi ambayo sisi watu wa Dodoma hatuijui, maji ya kunawa yanakata vidole. Saa kumi na moja mko kanisani kwa Masifu ya Asubuhi, alafu kimya cha kutafakari Neno la Mungu, alafu misa, ndo mnakwenda kunywa uji. Saa mbili kila mtu kwenye kazi yake, mimi nilianzia bustani, baadae nikapelekwa jikoni, baadae kwenye ushonaji. Saa sita na nusu sala ya mchana, chakula, mapumziko kidogo, kazi tena, jioni Masifu ya Jioni, chakula, mnakaa pamoja mnaongea mnacheka mnafuma, saa mbili usiku Sala ya Mwisho na baada ya hapo hakuna kuongea mpaka asubuhi, wanaita ukimya mkuu. Hicho kimya mwanzoni kilinitisha, baadae ndicho nilichokipenda kuliko vyote, na mpaka leo watoto wakilala nazima redio nakaa.

Mtakatifu Benedikto ndiye aliyeandika Kanuni, yani kitabu cha maisha wanachokifuata. Zaburi zote 150 alitaka ziimbwe ndani ya wiki moja, iko kwenye sura ya 18 ya Kanuni hiyo, ingawa siku hizi nyumba nyingi zimezigawa kwa wiki zaidi. Kanuni yenyewe ina sura 73, ni kitabu kidogo tu, ila ni cha karne ya 6 na bado kinaendesha maisha ya watu. Tulikuwa tunasomewa kila siku kipande.

Nikupe mfano mmoja. Siku ya kwanza bustani nilimaliza kazi nikatupa jembe kwenye kona likiwa na udongo kama ninavyofanya nyumbani. Sista mzee mmoja hakunigombeza, aliliokota, akalikwangua udongo kwa kijiti, akaliosha, akalifuta na kitambaa mpaka makali yakang'aa, akalitundika. Alafu akaniambia Benedikto anasema vyombo vya nyumba vitunzwe kama vyombo vitakatifu vya altare. Nikacheki kweli ipo, sura ya 31. Mpaka leo jembe langu haliendi kulala na udongo. Na ukivunja sahani unakwenda mwenyewe kusema mbele ya wenzako, husubiri ugunduliwe, hiyo nayo ipo.

Wakati wa kula hakuna kuongea, mmoja anasoma wengine wanakula, ukitaka chumvi unaonyesha ishara. Jikoni ni zamu kwa zamu ya wiki. Kazi ni nyingi mama sitakudanganya, ila hata Mama Mkuu nilimuona anapalilia mahindi.

Sasa nadhiri zao, hapa ndipo wanapotofautiana na masista wengine unaowaona mjini. Wabenediktini wanaahidi vitu vitatu: utii, kuongoka mwenendo (humo ndani ndo kuna ufukara na useja), na cha tatu ambacho ni chao hasa, kudumu. Kudumu maana yake nitakaa na jumuiya hii hii, na hawa watu hawa hawa, mpaka mnizike hapa. Hajiungi na shirika tu, anajifunga na nyumba na wale walio ndani yake. Mimi hicho ndicho kilichonishinda. Kusali niliweza na kazi niliweza, ila nilipofikiria sura zile zile miaka sitini moyo ulikataa, mama mlezi akaniambia mwanangu bora umeliona sasa, nenda kwa amani, akanisindikiza mpaka stendi.

Ndo maana njia yao ni ndefu. Benedikto mwenyewe anasema anayekuja asifunguliwe kirahisi, ajaribiwe kwanza. Utakuta miaka ya aspiranti na postulanti, yani hatua za mwanzo za kuangaliwa, alafu unovisi, yani malezi rasmi ya utawa, ambao sheria ya Kanisa inataka usipungue miezi 12, alafu nadhiri za muda kama miaka mitatu mpaka sita ndo zije za daima. Njiani kote huko mlango uko wazi, na wao pia wanaweza kukwambia hapana. Kwahiyo jirani yako anayesema ukiingia hutoki amekosea, mimi mwenyewe nimetoka na tunaandikiana mpaka leo.

fuso_la_kibaigwa

Mimi sio Mkatoliki, ni Muislamu, ila nina la kusema. Mwaka juzi nimebeba mahindi kutoka Ruvuma, gari likakata springi usiku mvua inanyesha, mimi na utingo tuko porini hatuna hata mkate. Tukaona taa kwa mbali tukatembea, kumbe ni konventi. Nikagonga geti naogopa kweli maana ni wanawake watupu na sisi wanaume wawili tumelowa tuna matope mpaka kiunoni. Akaja sista mzee na tochi, neno la kwanza alilosema ni "Tumshukuru Mungu", nikashangaa anashukuru nini sasa. Akatupeleka nyumba ya wageni iko pembeni huko, tukaletewa maji ya moto, ugali na maharage, blanketi mbili mbili. Asubuhi wakamuita fundi wao akaja na jeki. Nikatoa hela wakakataa, nikaacha gunia la mahindi getini nikaondoka. Mama mimi sijui mambo ya ndani ila mtoto akikaa na watu wale hawezi kuharibika.

nilikuwa_postulanti

Hilo neno la getini ni la Kanuni kaka, sura ya 66, mlinda mlango awe mzee mwenye busara na mtu akigonga tu ajibu Tumshukuru Mungu. Na mgeni apokelewe kama Kristo mwenyewe, sura ya 53. Hakubahatisha.

kaka_wa_sista

Nawaheshimu wote mliotangulia ila mama asisikie upande mmoja tu. Mimi nina dada zangu wawili waliokwenda utawani, mashirika tofauti, la yule mdogo silitaji. Yule mdogo aliumwa vidonda vya tumbo karibu miezi mitano, sisi nyumbani hatukuambiwa, tulikuja kujua kwa mtu baki aliyemuona hospitali. Nilisafiri kwenda, nikamkuta amekonda mpaka shela inamvuka, nikalia pale pale mapokezi. Nikauliza kwa nini hamkutupigia nikajibiwa kwamba walikuwa wanamtibu na hawakutaka kututia hofu. Kumtibu ni kweli walimtibu, dawa alipata na chakula chake maalum alipata. Lakini damu ni damu, mlipaswa kutuambia. Alirudi nyumbani na hakutaka tena kwenda.

Kwahiyo mama kabla hajaondoka kaa na mlezi muulize uso kwa uso: mtoto wangu akiumwa mtanipigia siku ya ngapi? Andika namba ya mama mlezi na namba ya paroko wa huko. Usione aibu, sio kukosa imani.

Ila na huyu mkubwa niseme, maana ndiye Mbenediktini. Baba yetu alipofariki tulimpigia saa tano usiku, keshokutwa yake mchana amefika, tena hakuja peke yake, wamekuja na Kosta, masista kumi na moja, wametembea usiku kucha kupita Makambako na Mtera mpaka Mpwapwa. Walivua viatu wakaingia jikoni wakaanza kusonga ugali na wakina mama wa mtaa, jioni wakaimba zaburi kwenye mkeka nje mpaka wazee wakanyamaza. Mjomba wetu ambaye naye alikuwa anadai ng'ombe zake miaka yote hiyo, siku ile alimpa dada mbuzi arudi nae konventi. Kwahiyo la kuzika wanakuja, hao wa kwake dada walikuja. Labda jirani anachanganya na watawa wa ndani kabisa kama Wakarmeli ambao hawatoki nje ya uzio, hawa wa Chipole wana shule na zahanati ni watu wa kutoka na kufanya kazi.

nilikuwa_postulanti

Pole sana kaka, kwa hilo la mdogo wako una haki. Na inauma zaidi kwa sababu Benedikto mwenyewe ana sura nzima ya wagonjwa, ya 36, anasema watunzwe kabla ya yote na juu ya yote. Kumtunza mgonjwa na kumficha kwa mama yake ni vitu viwili.

Mama nikuongezee kitu ambacho kilinifariji mimi nilipokuwa nawaza nyumbani. Benedikto alikuwa na dada yake, Skolastika, naye mtawa, sikukuu yake tarehe 10 Februari. Walikuwa wanaonana mara moja kwa mwaka. Papa Gregori Mkuu ndiye aliyeiandika hiyo habari. Mara ya mwisho wameongea mchana kutwa mambo ya Mungu, jioni ikafika, dada akamwambia kaka usiondoke tuongee mpaka asubuhi, kaka akakataa, akasema siwezi kulala nje ya monasteri yangu. Basi yule dada hakubishana, akaweka mikono juu ya meza akainamisha kichwa juu ya mikono akasali huku analia. Mbingu zilikuwa nyeupe hakuna hata wingu. Alipoinua kichwa ikashuka mvua ya radi, Benedikto hakuweza kutoa hata mguu nje ya mlango. Akamwambia dada umefanya nini, akajibiwa nilikuomba wewe ukakataa, nikamuomba Mungu amenisikia. Siku tatu baadae Skolastika akafariki, na kaka yake akamzika kwenye kaburi aliloliandaa kwa ajili yake mwenyewe. Gregori anasema dada aliweza zaidi kwa sababu alipenda zaidi. Sisi wa Dodoma tunajua mvua kutoka kwenye anga jeupe ni kitu gani. Kwahiyo asikwambie mtu kwamba kwao ndugu si kitu.

Na kama ataenda atahitaji cheti cha ubatizo na kipaimara, vyeti vya shule, barua ya paroko, na wengi wanaomba vipimo vya hospitali. Miaka 19 inatosha, sheria inataka 17 kwa unovisi. Hakikisha tu anakwenda mwenyewe, hakimbii kitu.

mwl_mstaafu_kondoa

Kwa baba mdogo, mama, mtume mzee wa jumuiya au katekista akaongee nae, usiende wewe. Na muache kwanza aseme ya ng'ombe yote mpaka yaishe. Ana hoja yake kimila na mtu asiposikilizwa hasikii.

mama_mpunguzi

Jamani nimesoma yote, nimesoma tena na binti yangu kwa sauti, amelia pale kwa Skolastika na mimi nimelia pale kwa yule mdogo aliyeumwa. Asanteni sana, na wewe baba wa fuso Mungu akulinde barabarani.

Hilo neno la kudumu ndilo nimelala nalo. Bibi yangu alikuwa anatuhadithia njaa ya Mtunya, alikuwa mtoto mdogo sana, anasema watu walikuwa wanahama Ugogo wanaacha vyungu na mawe ya kusagia njiani kwa kukosa nguvu ya kubeba, na wengine walioondoka hawakuonekana tena. Kwetu mtu akiondoka tunajua tu ndo kaondoka. Nilikuwa nimeweka akilini kwamba na huyu anaondoka. Nikamuuliza kwa nini hao na sio masista wa hapa hapa mjini ambao ningemuona kila Jumapili, akasema mama hawa wa hapa leo yuko Dodoma kesho kapelekwa Mwanza, ila kule utajua siku zote niko wapi. Sikuwa na la kumjibu.

Katekista amekwenda kwa baba mdogo jana. Amesema ng'ombe hajazisamehe ila atatusindikiza kwenda kupaona kabla ya kuamua, anataka kuuliza yeye mwenyewe hilo swali la kuumwa. Tunataka kwenda baada ya mavuno kuisha, sisi watatu, tukae siku mbili tatu nyumba ya wageni kama wataturuhusu. Sasa mnisaidie, kutoka Dodoma mpaka Songea ni bora tulale Iringa au Njombe, na kutoka Songea mjini kwenda Chipole tunapanda gari za wapi? Na zabibu zitafika bado nzima nikizifunga kwenye majani ya mgomba, au niwapelekee karanga tu?